Wakati katika Lugha ya Makumbusho: Nyumba, Mtungi na Kigae cha Mtwara

Neno makumbusho lilikuwa la kitenzi kabla ya kuwa la jumba. Limetoka katika kukumbusha, nacho ni kitenzi kinachotaka watu wawili: mwenye kukumbusha na mwenye kukumbushwa. Huyo wa pili hana budi awe alikwisha kulijua jambo lenyewe hapo awali, maana mtu hakumbushwi asichopata kukijua, hicho hufundishwa. Lugha za Ulaya zilichukua neno la Kiyunani lililotaja mahali pa miungu wa kike wa elimu na sanaa, wala neno hilo halikumwahidi mtu ye yote kwamba akiingia humo atakuta habari zake mwenyewe. Neno la Kiswahili limeahidi. Kwa hiyo si kosa kuyapima makumbusho ya Tanzania kwa jina yaliyojipa, na kuuliza ni nani akumbushwaye humo, na ni wakati gani akumbushwao.

Makumbusho yanayofaa zaidi kwa kipimo hiki ni Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, ambacho ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa, na kimekuwapo tangu miaka ya 1960 kando ya barabara ya kwendea Bagamoyo. Humo zimejengwa nyumba za watu mbalimbali wa nchi, kila moja kwa miti, udongo na nyasi za namna yake, pamoja na vyombo vya jikoni na zana za kazi. Na uwanjani ngoma huchezwa. Mfano wa mapema wa makumbusho ya wazi ya namna hiyo ni Skansen ya Stockholm, iliyofunguliwa na Artur Hazelius mwaka 1891, wakati viwanda vilipokuwa vikiwatoa wakulima wa Sweden mashambani. Tanzania iliianza kazi hiyo mapema kuliko Sweden, kwa maana ya kwamba nyumba zilizoonyeshwa zilikuwa bado zikijengwa na kukaliwa vijijini. Sifa hiyo haifai kupunguzwa. Mlango mfupi unaomlazimisha mgeni kuinama kabla ya kuingia humfundisha adabu ya nyumba kuliko kurasa kumi za kitabu. Lawama iliyopo haihusu udongo wala nyasi, bali maneno yanayowekwa mbele yake.

Mwamuzi mwema wa maneno hayo ni mtu wa Rahaleo, kata ya mji wa Mtwara. Mji huo wenyewe ni mchanga. Ulipangwa na kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya bandari ya ule mpango mkubwa wa karanga wa serikali ya Kiingereza. Mpango ukavunjika mwaka 1951, reli ya kwendea Nachingwea ikafungwa mwaka 1962, mji ukabaki. Karibu yake uko mji wa kale wa Mikindani, ambao jina lake husemwa kuwa limetokana na mikinda, yaani minazi michanga. Majina mengi ya mahali hutaja mti, maji, au mtu aliyetangulia kukaa. Rahaleo, kama mtaa wenye jina hilo hilo huko Unguja, hutaja siku. Ni jina lenye kielezi cha wakati ndani yake. Wakazi wake ni watu wenye asili ya uwanda wa juu wa Makonde, na Wamakua, na Wayao, na watu wa pwani, na waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji kwa ajili ya kazi au kwa kukimbia vita. Mtu wa hapo akisafiri mpaka Dar es Salaam, akaingia Kijiji cha Makumbusho, akasimama mbele ya nyumba ya miti na udongo iliyofanana na ya bibi yake, yeye ndiye mwenye haki ya kukumbushwa. Je, lugha humruhusu?

Lugha ya maelezo ya makumbusho, kama lugha ya vitabu vya ethnografia iliyoyazaa, hupenda kiambishi hu- (na sentensi hii yenyewe imekitumia). Watu fulani hujenga hivi, hulala hivi, hupika hivi, huoa hivi. Wanasarufi wamekwisha kukieleza kiambishi hiki. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikiweka kwenye matendo ya mazoea yasiyofungwa na wakati. Lakini kiko kipengele kingine ambacho mwenye kuandika maelezo ya makumbusho hana budi kukitazama. Hu- hakichukui kiambishi cha mtenda. Husemwa nahujenga? Wahujenga? Hasha. Hujenga tu. Kitenzi cha namna hii kimepoteza vitu viwili kwa pamoja: saa, na mtu. Methali zinakihitaji kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa methali haitaki kuulizwa ni lini wala ni nani. Historia ikikitegemea kwa kila sentensi imejiuzulu kazi yake, maana haina swali jingine la kuuliza ila hayo mawili.

Desturi hii haikuanzia Dar es Salaam. Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alisafiri katika nchi ya Lindi, Masasi na Newala, akikusanya vyombo, akinasa nyimbo kwa fonografu na kupiga picha za sinema. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1909, kazi ya Alice Werner, yule yule aliyekuja kuwa mwalimu mkuu wa Kiswahili huko London. Sasa mwaka 1906 haukuwa mwaka wa mazoea. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimewaka tangu 1905. Misheni ya Masasi ilikwisha kuchomwa. Nyuma ya vita ilikuja njaa. Aliyeuza kinu au kinyago mwaka ule yamkini alikuwa na sababu ambayo mwaka 1900 asingekuwa nayo. Weule hakuvificha vita, alivitaja safarini mwake. Lakini chombo kilipopakiwa melini, vita vilibaki pwani. Kikafika kabatini kikiwa chombo cha watu ambao siku zote hufanya hivi. Johannes Fabian, ambaye wasomi wa Kiswahili humjua kwa uchunguzi wake wa Kiswahili cha Shaba, alilieleza jambo hili mwaka 1983 katika kitabu chake juu ya wakati na watu wengine: mtaalamu hukaa na watu katika saa ile ile, akila nao na kuzungumza nao, kisha akirudi kwao kuandika huwaweka katika saa nyingine isiyo yake. Fabian aliyasema hayo juu ya vitabu. Kwa makumbusho jambo ni zito zaidi, kwani kitabu hakina paa wala kuta, na msomaji hawezi kudhani kwamba ameingia ndani ya wakati huo akautembelea.

Jaribio gumu kwa lugha hiyo ni vigae. Mwenye kupita na kitenzi cha hu- mbele ya nyumba aweza kusamehewa, maana nyumba inaonekana nzima. Mbele ya kigae hawezi, kwa sababu kigae hakina maana pasipo tarehe. Ufuo na vilima vya Mikindani vimechunguzwa sana katika karne hii. Felix Chami, katika tasnifu yake ya Uppsala ya mwaka 1994, alikwisha kuonyesha kwamba vyungu vyenye michoro ya pembetatu zilizochanjwa, vya nusu ya pili ya milenia ya kwanza, vilikuwa vya wakulima na wafua chuma wa pwani hii wenyewe, wala si vya wageni. Amandus Kwekason alizichunguza nyakati za kale zaidi za pwani ya kusini, hata za zana za mawe. Naye Matthew Pawlowicz, aliyefanya kazi Mikindani katika miaka ya 2000, alikuta jambo lisilotazamiwa. Katika milenia ya kwanza vyungu vya Mikindani vilifanana na vya pwani nyingine. Mwanzoni mwa milenia ya pili, wakati Kilwa iliyo kaskazini yake ilipokuwa ikitajirika kwa biashara ya bahari, Mikindani haikufuata: vyungu vyake viliachana na vya Kilwa, bidhaa za ng'ambo zikawa chache, na uhusiano na watu wa bara ukazidi. Baadaye mji ukaigeukia bahari tena, hata ukawa bandari ya pembe na ya watumwa katika karne ya 18 na ya 19.

Msomaji na ajaribu kuiandika habari hiyo kwa hu-. Watu wa Mikindani hufinyanga vyungu vya pwani, hawafinyangi vyungu vya pwani, hufinyanga tena. Ni kichekesho. Habari hiyo yataka -li- na -ka-, yataka kisha na baadaye na hata. Yataka lugha ya mtu anayesimulia, wala Kiswahili hakina upungufu wa lugha hiyo. Tena habari hiyo inavunja jambo jingine ambalo mpango wa Kijiji cha Makumbusho unalichukulia kuwa la hakika: kwamba kila kabila lina nyumba yake na kila nyumba ina kabila lake. Mpango wa uwanja nao ni sarufi ya namna yake. Nyumba zimepangwa kama majina katika orodha, moja kwa moja, pasipo viunganishi. Vigae vya Mikindani vinasema kwamba viunganishi vilikuwapo kwa miaka elfu. Na ushahidi wa lugha unasema hivyo hivyo. Ng'ambo ya mlango wa Ruvuma, katika pwani ya Cabo Delgado, husemwa Kimwani, lugha iliyo jamaa ya Kiswahili. Na Wamakonde waliokaa pwani, wakaslimu na kusema Kiswahili, walipewa jina la Wamaraba na jamaa zao wa bara. Mmaraba ataonyeshwa katika nyumba ipi? Akiingia ya kwanza ataambiwa amepotea, akiingia ya pili ataambiwa vivyo hivyo. Watu wa namna hiyo huko Mtwara si wachache wa pembeni. Kwa sehemu kubwa wao ndio historia yenyewe ya mahali.

J. A. R. Wembah-Rashid, aliyekuwa mtaalamu wa ethnografia wa Makumbusho ya Taifa, aliliona hilo mapema. Kitabu chake cha mwaka 1975 kiliwakusanya watu wa kusini-mashariki pamoja, Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, kwa lile linalowaunganisha, yaani kuhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kilitafuta historia yao kabla ya kutafuta tofauti zao. Huo ndio msingi ambao maelezo ya nyumba ya kusini yangestahili kusimama juu yake. Katika nchi ambako mume alihamia kwa jamaa za mke, usemi kama “nyumba ya Mmakonde” umemwacha mwenye nyumba nje ya mlango.

Chombo kimoja chatosha kuonyesha tofauti. Tuseme mtu ameandika hivi kando ya mtungi: “Mtungi. Wanawake wa Kimakonde hutumia mtungi kuchotea maji.” Hakuna neno la uongo humo, na hakuna habari. Sasa na yawekwe maelezo mengine: “Mtungi wa maji, uwanda wa Newala. Juu ya uwanda hakuna mito. Wanawake waliteremka mabondeni kuteka maji, wakapanda nayo mteremko mkali wakiwa wameyajitwisha, hata bomba lilipoanza kuletwa juu katika miaka ya 1950. Bomba halikufika kila kijiji. Mtungi umehama njiani, umebaki nyumbani kupozea maji. Ndoo imeshika njia.” Maneno yameongezeka kidogo tu, lakini sasa mtungi una mgongo na shingo za watu, una mwaka, na una mpinzani wake ambaye ni ndoo. Bibi wa Rahaleo aliyezaliwa uwandani akisomewa maelezo ya kwanza ataitikia kwa kichwa. Akisomewa ya pili atakatiza, aseme kwamba bonde la kwao halikuwa hilo, na kwamba ngata hawakuifanya kwa kitambaa bali kwa majani. Hapo ndipo kitenzi kukumbusha kinapoanza kufanya kazi, kwa maana aliyekumbushwa hujibu.

Ngata hiyo ya majani yastahili neno lake. Haimo makumbushoni, wala haiwezekani kuwamo, kwani ilitupwa maji yalipotuliwa. Vitu vya kila siku vilivyo vingi zaidi ndivyo visivyodumu: ngata, kinga cha moto, jani la kufunikia chungu. Hivyo vimesalia katika lugha peke yake. Kwa hiyo orodha ya maneno iliyokusanywa kwa uangalifu, pamoja na majina ya Kimakonde, Kimakua na Kiyao kando ya yale ya Kiswahili, ni sehemu ya hazina ya makumbusho kama vile chungu kilivyo. Kinyago nacho kimepata hasara kwa sababu hiyo hiyo. Huitwa “kinyago cha Kimakonde” tu, ilhali upande wa Msumbiji vinyago vya ngoma vina jina la mapiko, na upande wa Tanzania jina lililoandikwa na wachunguzi wa kale ni midimu. Majina mawili yana habari mbili ndani yake, na mto kati.

Kwa habari ya nyumba, jambo lenyewe lina uchungu, na yafaa lisemwe waziwazi. Katika miaka ile ile serikali ilipokuwa ikizihifadhi nyumba za asili katika Kijiji cha Makumbusho, watu wa kando ya Ruvuma walikuwa wakikusanywa katika vijiji vipya, kwa sababu ya siasa ya ujamaa na pia kwa hofu ya mabomu ya Wareno waliokuwa wakipigana huko Msumbiji. Mwaka 1973 ikaamriwa kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wamekaa katika vijiji vilivyopangwa. Familia nyingi ziliziacha nyumba zilizofanana na zile ambazo watoto wa shule za Dar es Salaam walikuwa wakipelekwa kuzitazama. Kijiji kimoja kilijengwa ili kitazamwe, vingine ili vikaliwe, na vyote vilikuwa kazi ya taifa changa lililotaka kujijua na kujibadilisha kwa pamoja. Hakuna aibu katika kulisema hilo mbele ya nyumba. Lakini “watu hawa huishi katika nyumba za namna hii” ni sentensi inayolifuta.

Yuko atakayejibu kwamba dawa ni rahisi: pote penye hu- na pawekwe -li-. Sivyo. “Wamakonde walijenga nyumba za miti na udongo” ni kosa jingine, pengine kubwa zaidi, kwa sababu linawazika watu walio hai. Mtu wa Rahaleo akilisoma atajiona marehemu. Kiswahili kina -me-, kinachosema kwamba jambo limekwisha kutendeka na hali yake ingaliko, kina -ngali, kina na kitenzi ezua kando ya ezeka. Lugha yenye neno moja jepesi la kuondoa nyasi juu ya paa ina watu waliokwisha kuzoea kwamba paa hubadilika. Katika mitaa ya Mtwara zimo nyumba ambazo zingefaa kufundishia sarufi hii: kuta ni za fito zilizokandikwa udongo kama za zamani, paa limeezuliwa makuti na kuezekwa bati, dirisha la mbele limetiwa nondo korosho zilipouzwa vizuri, na ua wa nyuma ungali wa makuti. Nyumba moja, nyakati tatu za kitenzi. Mafundi wa Kijiji cha Makumbusho wangeweza kuijenga nyumba kama hiyo kwa gharama ndogo, na mgeni angeelewa kwa mara moja kwamba historia haikwisha kabla yake kuzaliwa.

Makumbusho ya Taifa yenyewe yamo katika historia hiyo, wala si haba. Kinyago kimoja cha Kimakonde kiliibwa humo mwaka 1984, kikanunuliwa mwaka uliofuata na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, kikarudishwa Tanzania mwaka 2010. Kinyago hicho sasa kina matukio yasiyokubali hu- hata moja: kilichongwa, kilichezewa, kilihifadhiwa, kiliibwa, kilinunuliwa, kilidaiwa, kimerudi. Si vema mtazamaji aambiwe tu kwamba vinyago hivi huvaliwa katika ngoma za jando.

Na nyumba za Kijiji cha Makumbusho nazo zina tarehe zao. Udongo huoshwa na mvua za Dar es Salaam, mchwa hula fito, nyasi huoza. Hakuna paa la nyasi lililodumu tangu miaka ya 1960 pasipo kuezuliwa na kuezekwa tena mara nyingi. Nyasi za marudio hayo zilitoka wapi, fundi alikuwa nani, na alijifunza kwa nani kuezeka, ni habari za historia ya Tanzania zilizo halali kama zile za vigae vya Mikindani. Zingeandikwa kwenye kibao kidogo mlangoni, pamoja na mwaka wa kila ukarabati, na nafasi tupu chini yake kwa ajili ya ule utakaofuata.